Ngome na Madhabahu: Ng'ambo Iliyo Karibu Kuliko Mombasa

Mimi niko hapa Kitale, ambako baridi ya alfajiri humfanya mwanafunzi wa kutwa alingojee jua kama anavyongojea chakula cha mchana.

Kila mara neno "ngome" likitajwa katika mikutano ya chama chetu cha Kiswahili, utawasikia wanachama wakiitaja Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au zile kasri za Ulaya tunazoziona kwenye kalenda ukutani. Likitajwa "mahali patakatifu", wote wanakimbilia Roma, Maka na Yerusalemu. Kisha mmoja huuliza, "Na pesa zitatoka wapi?" Basi mjadala huzimika kama koroboi iliyoishiwa na mafuta. Mimi nimeishika kalamu leo ili niuwashe tena.

Kwanza tuiangalie hesabu. Kutoka mpakani Malaba hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Kutoka Malaba hiyo hiyo hadi Kampala, mji mkuu wa Uganda, ni kama kilomita 220. Yaani sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tuko karibu na mji mkuu wa watu kuliko tulivyo karibu na bahari yetu wenyewe! Shangazi yangu ni mchuuzi wa nguo na huenda Kampala kuchukua mali. Aliponisikia nikisema kwamba siku moja ningependa kwenda ng'ambo kuona majengo ya kale, alicheka mpaka akashika mbavu. "Ng'ambo gani hiyo unayoililia, mwanangu? Mimi naenda ng'ambo kila mwezi na narudi na robota mgongoni." Likizo ya Agosti ilipofika akanichukua. Hatukuwa na kampuni ya utalii, wala basi la shule, wala mwalimu wa zamu wa kutuhesabu vichwa. Tulikuwa watu wawili, mkoba mmoja na leso mbili.

Kabla sijakuvusha mpaka, kuna jambo ambalo ni lazima uliweke akilini, kwa maana ndilo lililoifanya safari yangu iwe na maana. Nilikuwa nikidhani kwamba ngome ni habari za askari na madhabahu ni habari za makasisi na mashehe, kila moja na kilima chake. La hasha! Karibu kila mahali tulipofika, vitu hivi viwili vilikuwa mahali pamoja. Palipomwagika damu ndipo watu walipokuja baadaye kusali.

Mfano wa kwanza hata hauhitaji nauli kubwa. Ukitoka Kitale kwa matatu ya Webuye, ukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, utafika kwenye vilima vya Chetambe. Zamani Wabukusu na Watachoni walikaa katika vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, ili maadui wasiwavamie usiku. Kijiji cha namna hiyo waliita lukoba. Jina Chetambe ni la mzee wa Kitachoni aliyekuwa na lukoba yake huko juu. Mwaka 1895 Waingereza waliokuwa na kituo Mumias, chini ya afisa wao C. W. Hobley, walikuja na askari wa Kisudani pamoja na wapiganaji wa Kiganda na wa Wanga. Waliipiga kwanza ngome ya Lumboka iliyo karibu na mji wa Bungoma, kisha wakaifuata ya Chetambe. Wengi walikufa ndani ya ukuta ule uliojengwa ili uwaokoe.

Miaka 52 ikapita. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Maeni, mwanzilishi wa Dini ya Musambwa, mtu ambaye pia aliwahi kuichezea Kenya kandanda dhidi ya Uganda, aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake wakapanda Chetambe kutoa sadaka kwa ajili ya waliokufa pale. Serikali ya kikoloni iliingiwa na kiwewe. Mwaka uliofuata dini ile ikapigwa marufuku, naye Masinde akahamishiwa mbali, Lamu. Sasa niambie wewe msomaji, Chetambe ni ngome au ni mahali pa ibada? Babu yangu, ambaye sisi humwita Kuka kwa lugha ya nyumbani, anaishi si mbali na Webuye. Yeye hujibu swali hilo kwa kuvua kofia anapokipita kilima.

Tuliondoka Webuye asubuhi, tukapitia Bungoma na Kanduyi hadi Malaba. Hapa wengi huogopa, kwa hivyo nitaeleza polepole. Siku hizi Malaba ni mpaka wa kituo kimoja: maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, kwa hivyo anayeingia Uganda huhudumiwa upande wa Uganda mara moja tu, akamaliza. Mkenya mwenye umri wa kutosha huvuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Sisi ambao hatujafika miaka 18 ndio wenye kazi. Mimi nilibeba cheti changu cha kuzaliwa, kadi ya shule, na barua ya wazazi iliyopigwa muhuri na chifu, ikieleza ninakwenda wapi, na nani, na nitarudi lini. Afisa aliisoma barua ile mara mbili, akamtazama shangazi, akanitazama mimi, kisha akaniandikia karatasi ya muda. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Masharti haya huweza kubadilika, kwa hivyo kaulize ofisi ya uhamiaji kabla ya kufunga mkoba. Usiulize makanga!

Pesa badilisha ofisini, si kwa wale vijana wanaokukimbilia na mabunda mkononi. Shilingi yetu moja hupata zaidi ya shilingi ishirini za Uganda, na usipokuwa mwangalifu utajiona tajiri hadi utakapoulizwa bei ya soda. Huko matatu huitwa teksi, na zina mirabaraba ya buluu ubavuni. Bodaboda ni zile zile, na tena jina lenyewe lilizaliwa kwenye mipaka hii yetu, wakati watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Nadhani hilo latosha. Mengine ya njiani, kama vile chapati iliyokunjwa na mayai ambayo wao huiita roleksi, utayajua ukiona njaa.

Barabara hupitia Tororo, Bugiri na Iganga hadi Jinja, ambako unavuka mto Nile juu ya daraja la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018. Shangazi alisinzia. Mimi sikuweza, kwa sababu tulikuwa tukipita katika nchi ya Busoga, na huko ndiko Askofu James Hannington alikouawa Oktoba 1885. Yeye alitoka pwani kwa miguu, akapita kwetu magharibi, akapumzika Mumias, kisha akaendelea kuelekea Buganda. Kabaka Mwanga wa Pili aliogopa wageni waliokuja kutoka upande wa mashariki, akaamuru auawe. Huko Buganda kijana mmoja Mkristo wa jumba la mfalme, Joseph Mukasa Balikuddembe, alimwambia Kabaka waziwazi kwamba amekosea. Naye akauawa mwezi uliofuata. Lile soko la Owino linalosifika kwa mitumba, jina lake rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe. Shangazi amepita humo miaka mingi na hakujua. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikipigania bei kwa mtakatifu!"

Tulilala Kireka kwa rafiki yake, na kesho yake tukapanda teksi ya Namugongo, mwendo mfupi tu. Hapo ndipo tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana walipochomwa moto pamoja kwa amri ya Mwanga, wakiwa wamefungwa ndani ya mikeka ya matete. Wote waliouawa katika miaka ile, tangu 1885 hadi 1887, huhesabiwa kuwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Charles Lwanga, kiongozi wa vijana wa jumba la mfalme, ndiye anayejulikana zaidi. Lakini mimi nilisimama kwa jina la Kizito. Husemwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Mimi nina 16. Nilijaribu kujiuliza kama ningeweza, nikaona heri niache.

Kanisa la Wakatoliki limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, likiwa na nguzo 22 zinazowakilisha mashahidi wao 22. Mashahidi hao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Hapo kando kuna ziwa dogo ambako watu huchota maji ya kubeba nyumbani. Waanglikana nao wana mahali pao si mbali, penye sanamu zinazoonyesha jinsi watu wale walivyoteswa. Usipite bila kupaona, hata kama moyo wako ni mwepesi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalisemi: kabla ya Wakristo, katika miaka ya 1870, Waislamu waliokataa kumtii Kabaka Mutesa wa Kwanza katika mambo ya dini yao waliuawa pia, na Namugongo inawakumbuka nao. Kwa hivyo huko hakuna dini inayoweza kumtazama jirani yake na kusema, "Damu ni yetu sisi tu."

Kutoka hapo tulikwenda Kasubi, na hapa nilikuwa na ubishi niliotoka nao nyumbani. Mama, ambaye ni Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, alikuwa amenionya: "Nenda uone, lakini usiabudu mizimu ya watu." Kasubi ni kasri aliyojijengea Mutesa wa Kwanza mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Makabaka waliomfuata, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili, nao wamelazwa hapo. Kwa Waganda hayo si makaburi tu, ni mahali patakatifu penye wahudumu wake na miiko yake. Nyumba kuu, iliyoezekwa kwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu kufika chini, inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Iliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na watu walilia kama waliofiwa. Kazi ya kuijenga upya kwa ufundi wa jadi ilichukua miaka mingi, na ni mwaka 2023 tu UNESCO ilipoiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Pale hakuna aliyenitaka nisali. Niliambiwa nifunge leso kiunoni, nivue viatu pale wanapovua wengine, nisipige picha mahali palipokatazwa, na nisiongee kwa sauti ya sokoni. Hayo hata kwa Kuka nayafanya. Nilipomweleza mama aliporidhika, alisema basi hiyo ni adabu, si ibada.

Lakini kilichonitikisa Kasubi ni kingine. Mwanga, aliyewachoma wale vijana wa Namugongo asubuhi ile niliyotoka kuwaona, yuko pale. Na habari zake haziishii kwenye ukatili. Mwaka 1897 aliasi utawala wa Waingereza, akatekwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko akabatizwa, na huko akafa mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa Buganda mwaka 1910. Mtu huyo huyo aliyewaua Wakristo alikufa akiwa Mkristo, tena akiwa mpinzani wa wakoloni kama wazee wetu wa Chetambe. Katika daftari la historia mtu hupata mstari mmoja, mwema au mbaya. Kwa siku moja, kwa nauli ya bodaboda, nilikutana na wauawa na muuaji, na sikujua nimweke Mwanga upande upi. Mpaka sasa sijui.

Siku ya mwisho tulipanda kilima cha Old Kampala. Hapo ndipo Kapteni Frederick Lugard alipojenga ngome yake alipowasili Desemba 1890. Tarehe 24 Januari 1892, kutoka kwenye ngome hiyo, aliingilia vita vya Mengo. Na vita hivyo vilikuwa kati ya nani na nani? Kati ya Wakristo kwa Wakristo! Waprotestanti waliitwa Waingereza, Wakatoliki wakaitwa Wafaransa, ingawa wote walikuwa Waganda watupu. Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake, zikiwemo za Maxim, na kanisa la Wakatoliki kule Rubaga likateketea. Hesabu mwenyewe: kutoka Juni 1886, walipochomwa moto pamoja, hadi Januari 1892, walipopigana, haikutimia hata miaka sita.

Leo mahali ilipokuwa ngome pana msikiti mkubwa wa taifa, uliomalizika katika miaka ya 2000 kwa msaada wa Libya, na wengi huuita msikiti wa Gaddafi. Wageni wa dini yoyote huruhusiwa kuingia kwa ada ndogo, isipokuwa wakati wa sala. Wanawake hufunikwa kichwa na kufungwa nguo ndefu, na wasio nazo huazimwa. Sisi leso zetu zilitutosha. Ukilipa unapanda mnara kwa ngazi zaidi ya 300. Shangazi aliketi kwenye ya hamsini akaniambia niende nimsimulie. Huko juu unaona Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki na upande wa Kasubi, kila moja kwenye kilima chake, nawe umesimama msikitini juu ya ngome ya Lugard. Ukiniuliza mahali pamoja pa kwenda kama una siku moja tu, nitakutajia hapo.

Kama Kampala bado ni mbali kwa mfuko wako, iko Mbale. Ukitoka Bungoma unaweza kuvukia Lwakhakha, chini ya mlima Elgon. Huko aliishi Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda kwa kujenga ngome moja baada ya nyingine. Walipomnyima cheo alichokitarajia alifarakana nao, na mwaka 1919 akaifuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Hadi leo wapo, wanaitwa Abayudaya, na sinagogi lao liko kwenye kilima cha Nabugoye. Mimi sijafika. Shangazi ameniahidi Desemba, ingawa ahadi zake hutegemea biashara.

Neno kuhusu lugha, maana bila hilo mlezi wa chama hataipitisha makala hii. Kampala watu wengi huongea Kiganda, na wazee wengine hukiona Kiswahili kuwa lugha ya wanajeshi. Sokoni hata hivyo nilijibiwa bila taabu, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Jifunze kusema "webale", ahsante, na nyuso zitakunjuka.

Na usichague siku za karibu na tarehe 3 Juni kama hupendi msongamano. Wakati huo mahujaji humiminika Namugongo kutoka kila upande, wengine wakitembea kwa miguu kutoka hapa hapa Kenya siku nyingi mfululizo.

Niliporudi, Kuka hakuniuliza habari za mnara wala za sinia la matoke. Alitaka kujua kitu kimoja. "Wale waliochomwa, majina yao yameandikwa?" Nikamwambia ndiyo, yote yanajulikana. Akaulizia waliokufa kwa bunduki za Lugard. Nikasema hao sikuyaona majina yao popote. Akatazama upande wa Chetambe, kisha akaanza kunitajia wa kwao, aliowasikia kwa baba yake. Nilikimbia kuchukua daftari la Hisabati, maana ndilo lililokuwa karibu. Hadi sasa tumepata majina manne na nusu. Hilo la nusu ni la mwanamke ambaye Kuka anamkumbuka kwa jina la mwanawe tu, na kuna bibi mmoja Misikhu ambaye huenda akalijua lote. Tunakwenda kwake Jumamosi.